Barua ya Wazi kwa Madalali Wenye Bunge

Kwa Rais na Wakurugenzi,
Bahamas Real Estate Association,
Nassau.

YAH: PONGEZI NA OMBI KUHUSU KAMISHENI

Chama kinapongezwa, kwanza kwa mwaka 1995. Mwaka huo Bunge la Bahamas lilipitisha sheria ya mawakala na wauzaji wa nyumba na ardhi, na Chama kikakabidhiwa rungu: kutoa leseni, kusimamia kazi, kuwaadabisha wakosefu. Hivyo wanaowatetea madalali ndio hao hao wanaowasimamia. Mnunuzi aliyeumizwa na dalali hupeleka malalamiko kwa wenzake dalali huyo. Waswahili wana msemo wao kuhusu kesi ya nyani na hakimu ngedere, lakini hao ni watu wa maneno mengi, wasisikilizwe.

Kilichomfanya hasa mwandishi ashike kalamu ni kamisheni. Ada iliyozoeleka visiwani humo ni asilimia 6 ya bei kwa nyumba, na asilimia 10 kwa kiwanja kitupu. Nyumba ya dola 300,000 humpa dalali 18,000, naye atakuwa amefungua milango, amewasha taa, na ameeleza kwa nini dari ina alama ya maji. Kichaka cha bei hiyo hiyo humpa 30,000, na kichaka hakina dari. Kadiri cha kuonyesha kinavyopungua ndivyo malipo yanavyonenepa! Mwaka 2004 mwigizaji Johnny Depp alinunua kisiwa kizima huko Exuma, Little Hall's Pond Cay, kwa bei iliyotangazwa ya dola milioni 3.6. Kwa kipimo cha kiwanja kitupu, kamisheni ingekuwa dola 360,000.

Dalali wa Sinza, jijini Dar es Salaam, hula kodi ya mwezi mmoja na hela ya bodaboda, kisha anaitwa tapeli. Maskini hajapata Bunge lake.

Pongezi nyingine ni za ulinzi. Sera ya uwekezaji ya Bahamas imeutenga udalali wa nyumba kwa wananchi, na Chama hakichoki kupiga mbiu dhidi ya wanaouza bila leseni. Hapa kejeli ipumzike kidogo: katika nchi iliyojitawala mwaka 1973 na ambayo fukwe zake zinanunuliwa na watu wa mbali, ni haki walau kamisheni ibaki nyumbani. Ila mlango unaolindwa kwa ukali huo ni wa kuingilia kazini. Kijana wa Nassau anayetafuta kiwanja anashindana na fedha za ng'ambo, na mtu anayelipwa kwa asilimia ya bei hana sababu ya kutamani bei ishuke.

Fedha za ng'ambo zenyewe hazina simile. Novemba 2022 Reuters iliripoti kwamba kampuni ya sarafu za kidijitali ya FTX, wakuu wake na wazazi wa mwasisi wake Sam Bankman-Fried walikuwa wamenunua Bahamas, ndani ya miaka miwili, mali zisizopungua 19 za karibu dola milioni 121. Mwezi huo huo kampuni ikafilisika. Desemba Bankman-Fried akakamatwa Nassau. Asilimia 6 ya fedha hizo ingepita dola milioni 7. Kuhakikisha kwamba madalali wanamhoji mteja fedha zake zimetoka wapi ni kazi ya chombo kingine, Tume ya Uzingatiaji, kwa hiyo Chama kilale usingizi. Isitoshe, nyumba hizo ikabidi ziuzwe tena ili wadai walipwe, na kila mauzo, kama Chama kinavyojua kuliko yeyote, yana kamisheni yake.

Ombi ni dogo. Kiwanja cha kwanza cha mwalimu wa kisiwa cha Andros kitozwe asilimia 6, sawa na jumba la tajiri wa Albany, mtaa wa kifahari. Anayelipa kwa kawaida ni muuzaji, Chama kitajibu. Ni kweli, na muuzaji huyo anajua pa kuirudishia ada hiyo: kwenye bei.

Majibu yatumwe kabla ada haijapanda.

Mwandishi,
asiye na leseni wala kiwanja.