Azalia ya Watu

Ukiachiwa mtoto wa watu, akiona njaa atalia. Azalia hailii. Inakutazama tu, halafu asubuhi moja unakuta imepukutisha majani kiganja kizima juu ya zulia la mwenyewe.

Kazi ya ulezi niliipata Januari, mwaka wangu wa kwanza wa masomo huko Ghent, Ubelgiji. Mama mwenye nyumba, mjane wa miaka sabini na ushei, alikuwa anaikimbia baridi kwenda Hispania mpaka katikati ya Machi. Akaniambia nikimtunzia nyumba atanipunguzia kodi. Nyumba yenyewe haikuwa na mbwa wala paka. Ilikuwa na azalia: moja ya rangi ya waridi ndani ya chungu, sebuleni dirishani, na nyingine saba nje bustanini pamoja na dada yao mkubwa, rododendroni. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Mimi nimekulia Pangani, ambako mama alimwagilia asumini kwa maji aliyooshea vyombo na asumini ikatambaa hadi darini. Ua gani tena litanishinda?

Sikujua nimeingia mji gani. Azalia kwa Ghent ni kama karafuu kwa Pemba. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliisajili azalia ya Ghent ili jina lake lilindwe, mtu wa mbali asije akauza yake kwa jina hilo. Kwa hiyo sikuachiwa ua, niliachiwa heshima ya watu.

Maagizo yalikuwa mafupi: ya ndani isikauke kamwe, isisimame majini kamwe, na za nje ziache kama zilivyo. Nikaitikia ndiyo mara tatu, mara moja kwa kila agizo, kisha nikayavunja yote kwa mpangilio uleule.

Kosa la kwanza lilitokana na huruma. Dirishani palikuwa na ubaridi, nikaona mgonjwa wa watu atapata kichomi, nikamhamishia juu ya kipasha joto cha ukutani. Kumbe azalia hupenda ubaridi ule niliomwokoa nao. Kila asubuhi nilimimina maji kikombe kimoja, yakateremka hadi kwenye kisahani, nami nikajisemea: imeshiba, inacheua. Haikuwa imeonja hata tone. Udongo wa azalia za chungu ni mweusi na mwepesi, na ukishakauka hunywea ukaachana na ukuta wa chungu, tena huyakataa maji. Basi maji hupita pembeni kama mgeni asiyekaribishwa, yakatokea chini. Siku ya tisa majani yakaanza kudondoka. Linnaeus, yule Msweden aliyeipa mimea majina, aliliita ua hili kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kavu. Nadhani hakuwahi kuachiwa moja.

Nikakimbilia kwa muuza maua wa jirani. Hakuniuliza namwagilia mara ngapi kwa wiki, aliniuliza chungu kina uzito gani. Nikabaki kumtolea macho. Akanieleza kwamba azalia hupimwa kwa mkono: ukikinyanyua chungu kikawa chepesi, ua lina kiu, na hapo usilimwagie juu juu, litumbukize chungu na vyote ndani ya ndoo, subiri mapovu yakome, litoe, lichuruzike. Nilikwenda nikajaza beseni. Chungu kikatoa mapovu kama mtu anayekoroma chini ya maji, nami nikaenda kutazama mpira wakati nikisubiri. Mpira ukaingia dakika za nyongeza, dakika za nyongeza zikaingia penalti, penalti zikaingia ubishi wa kwenye simu na binamu yangu wa Tanga. Azalia niliikumbuka asubuhi nilipokwenda kupiga mswaki. Mizizi yake ni myembamba kama nywele za mtoto mchanga, na mizizi ya namna hiyo hailali majini ikaamka salama. Majani mengine yakaenda.

Za nje ningeziacha, kweli ningeziacha, kama si rododendroni. Usiku mmoja wa Februari baridi ilishuka chini ya sifuri, na nilipochungulia nikaona majani yake yote yamejikunja kama sigara na kuning'inia. Kwetu jani likijikunja hivyo limeomba maji. Nikatoka na koti, kofia na ndoo, nikazinywesha zote nane, huku jirani akinitazama kutoka ghorofani kwa uso wa mtu anayefikiria kupiga simu mahali. Rododendroni haikuwa na kiu. Hujikunja hivyo kila baridi inapokuwa kali, na ikipungua hujikunjua yenyewe. Maji yangu yalichirizika hadi kwenye vigae vya uani, yakaganda. Asubuhi nilitoka mlangoni kwa miguu na nikaendelea na safari kwa makalio, mpaka nilipodaka ile pampu kuukuu ya chuma iliyosimama uani. Mimi niliijua kuwa ni pambo, na mahali pa kuegemeza baiskeli.

Machi ilipoingia, azalia ya ndani iligeuka manjano, mishipa ya majani tu ndiyo iliyobaki kijani. Nilikuwa nimeshajifunza kupima uzito, nimeirudisha dirishani, sikulala tena kwenye mpira. Sasa kosa liko wapi? Nikampigia Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Huyo mke mwenzangu anakunywa maji gani?"

"Ya bomba."

"Hayo ya bomba, ukifulia, sabuni inatoa povu?"

Nikafikiri. Haitoi povu la maana, na birika la umeme ndani lina magamba meupe kama limepakwa chokaa.

"Basi ni chokaa hiyo. Wewe umekulia kwenye nyumba ya mapipa, mvua huioni?"

Bibi hajawahi kuona azalia, lakini maisha yake yote amefua kwa maji ya mvua kwa sababu ya kisima chetu cha maji magumu. Na alikuwa sahihi. Azalia hutaka udongo wenye uchachu. Chokaa huuondoa uchachu huo, na hapo madini ya chuma yaliyomo humo mizizi haiwezi tena kuyachukua. Ndiyo maana jani huwa manjano. Kwa mvua Ghent haina ubahili. Nikapanga uani beseni, ndoo, masufuria matatu, na ile sufuria kubwa ambayo mama mwenye nyumba hupikia kome. Wiki mbili nilikinga kama mtu wa Pangani anayengoja masika.

Alirudi siku ya Jumamosi. Kabla ya kuvua koti alikinyanyua chungu, akakipima, akatikisa kichwa kuridhika. Maua yalikuwa kumi na moja; niliyahesabu mapema ili nisiulizwe ghafla. Kisha akachungulia dirisha la jikoni.

"Sufuria yangu ya kome inafanya nini nje?"

Nikamweleza yote: chokaa, sabuni, Bibi. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoka uani, akaisogeza baiskeli yangu taratibu, akaushika mkono wa ile pampu na kuusukuma juu, chini, juu, chini. Maji yakaruka. Chini ya vigae vile kuna birika la kuhifadhi mvua ya paani, lilijengwa kabla yeye hajazaliwa.

"Nilidhani unajua," akasema. "Ulikuwa unaishika kila siku."

Jioni Bibi alipiga kuuliza hali ya mke mwenzie. Nikamwambia amepona, anakula vizuri. Habari za pampu sikuzigusa.