Kitabu Kizito Kuliko Mgonjwa

Waliotutangulia hapa Minnesota walinidanganya kwa kauli moja. "CNA? Ah, dada, hiyo ni kozi ya wiki chache tu, unamaliza unaanza kuhudumia wazee." Wiki chache ni kweli. Ila kuhusu kitabu, wote walimeza ulimi.

Sasa chuo kimeniandikia: siku ya kwanza fika ukiwa umeshasoma sura sita. Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 inataka msaidizi wa muuguzi, yaani CNA, katika nyumba za wazee afunzwe saa zisizopungua 75, zikiwemo 16 za vitendo chini ya usimamizi. Haya, hizo saa 75 ni za nini ikiwa kitabu nakimaliza mwenyewe kwenye meza ya jikoni, nikiwa nimetoka zamu ya usiku kwenye ghala la vifurushi, macho mekundu kama pilipili? Karo nilipe mimi, na kufundisha nijifundishe mimi!

Na tuelewane, kusoma siogopi. Nimefundisha Jiografia Kisii miaka na mikaka. Kinachoniudhi ni kusomeshwa kwa kurasa na kurasa mambo tuliyomfanyia nyanya pale nyumbani bila hata karatasi moja. Kunawa mikono tu kumepewa maelezo marefu: vidole vielekee chini, usugue na sabuni sekunde 20, usiguse sinki, kisha bomba lifunge kwa karatasi safi. Na usicheke, maana kwenye mtihani wa vitendo hilo ni la lazima, na msimamizi anakutazama tu, kimya, ameshika kalamu.

Pengine kitabu kinasema kweli, nisikidhulumu. Mzee aliyepooza upande mmoja, unapomvisha shati, anza na mkono ule dhaifu. Unapomvua, anza na ule wenye nguvu. Mkono mzima unajipinda, ule mgonjwa haupindiki. Sisi nyanya tulimvisha tu vile shati lilivyokuja, naye alitutukana kila asubuhi. Tulidhani ni uzee.

Lakini vifupisho! NPO, maana yake mgonjwa asipewe chochote mdomoni. Nikatafuta hizo herufi zimetoka wapi, kumbe ni Kilatini. Kilatini mimi nilijua tulishawaachia mapadri. BID ni mara mbili kwa siku, TID mara tatu, PRN ni inapohitajika. Nimevibandika vyote kwenye mlango wa friji ili nikichukua maziwa nichukue na elimu. Mimi bado vinanipotea. Mwanangu wa darasa la sita ndiye ameshika vyote, na juzi nilipomuuliza kama amemaliza kazi ya shule akanijibu bila kugeuka kwamba hiyo siku hizi ni PRN.

Halafu kuna vipimo. Nchi hii joto la mwili wenye afya ni 98.6 za Farenhaiti, namba ambayo kwetu ungeita watu waje kuomba. Maji wanapima kwa aunsi, na aunsi moja ni kama mililita 30. Haya, ningezoea. Lakini kikombe cha mgonjwa kimeandikwa aunsi 8 na fomu ya kurekodi alichokunywa inataka mililita. Ni 240, nimeshakariri, ila mgonjwa hanywi kikombe kizima ili kunisaidia. Anakunywa robo tatu, anamwaga kidogo shukani, anasema ameshiba.

Mama akipiga simu kutoka nyumbani hunisalimu "daktari wetu". Nimemweleza kwamba kazi yangu itakuwa kuosha, kulisha, kugeuza mtu kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulala. Akasema sawa, daktari, sasa hili goti langu ninywe nini?

Dada mmoja wa kanisani kanishauri niache kusoma kwa macho, nisome kwa sauti, na nipate mtu wa kufanyia mazoezi. Majimbo mengi, kasema, hata mtihani wa nadharia unaweza kuomba usomewe. Basi Baba watoto nikamlaza kitandani, nikafunga breki za kitanda ambacho hakina breki, nikajitambulisha kwa jina kama kitabu kinavyotaka, nikamweleza nakwenda kumwosha uso na mikono. Akaniambia ngoja kwanza. Akakivuta kile kitabu, akafungua sura ya haki za wakazi wa nyumba za wazee, ambazo nazo zimo katika sheria ile ile ya 1987, akanisomea kwa ile sauti yake ya kwenye harambee kwamba mkazi ana haki ya kukataa huduma, ana haki ya faragha, na ana haki ya kulalamika bila kulipiziwa kisasi.

Kati ya sura zote hizo, ndiyo pekee aliyoisoma. Tangu siku hiyo vyombo haoshi, anasema yeye ni mkazi.