Makande Dhidi ya Wali: Namna ya Kuwafundisha Vijana Kushirikiana

Ukitaka vijana wa kidato cha tatu wajifunze kushirikiana, usiwahutubie juu ya ushirikiano. Insha zake wamekwisha kuziandika tangu shule ya msingi, methali za umoja wanazo zote kichwani, na bado kazi ya kundi inafanywa na binti mmoja usiku, wenzake saba wakisubiri asubuhi waandike majina yao juu ya karatasi yake. Wape ngonjera ya mahafali ya kidato cha nne.

Ngonjera tunaihusisha na Mathias Mnyampala wa Dodoma, ambaye kitabu chake cha Ngonjera za UKUTA kilichapishwa 1970, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Pande mbili zinabishana kwa beti: huyu hajui, yule anamwelimisha, na mwisho wanaafikiana. Kwa hiyo hata mwanafunzi hodari kuliko wote anahitaji mtu wa kumbishia.

Wanane wanatosha. Wakifika ishirini, nusu yao watajificha nyuma ya mpiga ngoma. Wala usiwaache wachaguane, maana watakuja marafiki wa dawati moja, watakubaliana kwa kila kitu ndani ya dakika tano, na utapata ngonjera ya dakika tano. Mchanganye msoma vitabu na yule ambaye sauti yake husikika bwaloni kabla yeye mwenyewe hajaingia.

Kisha watafute ugomvi wao wa kweli. Mkuu wa shule atapendekeza mazingira au amani. Mkubalie kwa heshima, halafu muombe mwaka huu vijana wabishane juu ya makande na wali. Hapo hutawasukuma. Ila anayechukia makande ndiye ayatetee. Atanuna siku mbili, halafu itambidi aende kumuuliza anayeyapenda, na hayo ndiyo mazungumzo uliyokuwa ukiyatafuta.

Sasa tufike kwenye kiini, ambapo ningekusihi usiharakishe. Mshororo una mizani kumi na sita: nane za ukwapi, nane za utao. Usimpe mtu mmoja mshororo mzima. Mmoja atunge ukwapi, mwingine autoe utao, wa tatu apokee mshororo unaofuata akiwa amefungwa na vina vya waliomtangulia. Upande wa makande waanze hivi:

Makande yanashibisha, tumbo lasahau njaa,
Wali watudanganyisha, saa tisa umepaa.

Aliyechagua kina cha -sha amewafungulia wenzake mlango, kwa sababu vitenzi vya namna hiyo vimejaa. Lakini daima yupo kijana mwerevu atakayemaliza kipande chake kwa neno "jongoo", apigiwe makofi, akae. Usimkataze. Mwache mwenzake ahangaike nusu saa akitafuta neno la kufanana na jongoo, na jongoo mwenyewe awepo akitazama. Safari ijayo, kabla hajaweka neno la mwisho, atamgeukia anayemfuata amuulize, "Hili utaliweza?" Sijui somo lolote la uraia linaloweza kumfundisha mtu kuuliza swali hilo kwa haraka kiasi hicho.

Wewe kaa nyuma. Mizani ikipungua, nyamaza. Wahesabu wenyewe kwa vidole, wagombane kama "mbwa" ni silabi moja au mbili. Mara nyingi atakayeamua ni mpiga ngoma, ambaye hajawahi kupata alama nzuri ya Kiswahili lakini sikio lake halikosei. Siku hiyo darasa zima litamtazama upya, na naye atajitazama upya. Nyamaza na hapo pia.

Wakigombana juu ya nani kaharibu, waulize ubeti ufanyweje. Jina la mtu lisitajwe mpaka ubeti ukae sawa.

Kuna swali la wavivu. Alama za mmoja mmoja huvunja kundi, na alama za pamoja huwalaza wengine usingizi. Dawa yake ni kura: watangazie mapema kwamba asubuhi ya mahafali kila mtu ataokota karatasi itakayomwambia anaghani sehemu ya nani. Utaona hodari wa darasa akimfuata mvivu mpaka kwenye foleni ya chai, akimfundisha beti zote, kwa kuwa beti zake mwenyewe zinaweza kumwangukia huyo.

Ubeti wa maafikiano watunge wote wanane mezani, na uwape muda mrefu kuliko beti nyingine zote. Kushinda ubishi wanakujua. Kumwachia mwenzio nafasi bila kumdhalilisha ni kazi ngumu, na inafaa wauone ugumu wake wakiwa na miaka kumi na sita.

Kwenye ratiba majina yapangwe kwa alfabeti, pamoja na mpiga ngoma na aliyeazima vitenge kwa mama yake. Mgeni rasmi akitoa bahasha, ifunguliwe mbele yao wote na fedha zigawanywe sawa papo hapo, kabla viti havijarudishwa madarasani.