Muulize Bibi Mjuaji: Almasi ya Mwenye Haraka

*Mimi ni kijana wa Gitaza, posa yangu imekubaliwa Rumonge. Sonara mmoja mjini Bujumbura ananiuzia pete ya almasi, eti kwa bei ya kindugu. Nitajuaje kama jiwe ni zuri? – Mwenye Haraka*

Mjukuu wangu! Umefanya vyema kuniuliza mimi na si yule jirani yangu aliyeanza kujiita mshauri siku aliponunua miwani. Muhuta nzima mwenye jicho ni mmoja. Mukeke aliyelala namtambua akiwa bado mtumbwini. Jiwe litanishinda nini? Nilipokuwa msichana, wachumba walipishana mlangoni kwetu, na kila pete niliyoletewa niliikagua kwanza, mwenyewe nikamkagua baadaye.

Wakubwa wa dunia wangeniuliza na wao, mambo yangewanyookea. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aligundua almasi kule Mwadui, Shinyanga. Mwaka 1947 mgodi wake ukatoa jiwe la waridi la karati 54.5, akamzawadia Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, kwa harusi yake. Lilipokatwa, zikabaki karati 23.6! Hakuna aliyelia, maana mkato ndio uhai wa jiwe: mwanga huingia kwa juu, hugonga kuta za ndani, hurudi machoni. Likikatwa bapa mno, mwanga huvujia chini. Likiwa na kina mno, katikati hubaki giza. Bwana Williamson, mwenye mgodi mzima, alifariki mwaka 1958 bila kuoa. Angeniandikia barua moja tu.

Sonara wako atakusifia uzito. Karati 1 ni gramu 0.2, mjukuu wangu, ndagala mkavu ana uzito zaidi ya huo. Na bei huruka inapofikia karati kamili: jiwe la karati 0.9 mama mkwe hatalitofautisha na la karati 1, ila mfuko wako utajua.

Sasa tiba. Lipulizie jiwe pumzi. Mvuke ukitoweka papo hapo ni dalili njema, kwa sababu almasi hupitisha joto upesi. Usifurahi bado: moisanaiti, jiwe linalofanana na almasi, nayo hupitisha joto, hata kile kimashine cha dukani hukidanganya. Omba lenzi ya kukuza mara 10, ulitazame jiwe kupitia kwayo, jicho lipenye hadi nyuma. Mistari ya mkato ikionekana miwilimiwili, rudisha. Akikuonyesha jinsi jiwe linavyokwaruza kioo, mwambie hata kwatzi hukwaruza kioo. Nyundo usiguse, maana almasi haikwaruziki kirahisi lakini hupasuka.

Tiba yangu kuu ni mawese. Usicheke! Almasi hukataa maji na kupenda mafuta. Migodini walipitisha changarawe na maji juu ya meza zilizopakwa grisi, mawe mengine yakateleza, almasi zikanata. Kwa hiyo beba beseni la mawese ya Rumonge hadi Bujumbura, umwambie sonara atumbukize bidhaa zake zote. Atakataa. Ukakamavu wa kukataa kwake nitaupima mimi mwenyewe, nauli juu yako. Na ndiyo sababu pete ya mkaanga ndagala hufifia: mchumba wako aioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki laini, asiseme Bibi hakusema.

Ningekueleza pia nilivyomkataa tajiri mmoja wa Nyanza-Lac kwa ajili ya doa lililokuwa ndani ya jiwe, lakini mhariri ananikodolea macho. Haya, upesi. Toka na pete nje, simama kivulini chini ya mwembe, maana taa za dukani hung'arisha hata kipande cha chupa. Jiwe ambalo halijafungwa kwenye pete lilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe uone unjano. Rangi hupimwa kwa herufi, kuanzia D isiyo na rangi hadi Z. Dai cheti cha maabara huru kama GIA. Mara nyingi namba yake huchongwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe, hakikisha zinalingana. Almasi iliyotengenezwa maabara ni almasi kweli, na ni ya bei ndogo sana, basi usilipe bei ya iliyochimbwa. Hana cheti? Muulize huo undugu mlianza lini, ukapande gari urudi Gitaza.

Ada yangu ni kilo mbili za ndagala wakavu, ziletwe kabla ya harusi. Baada ya harusi watu husahau.