Lindo Lake, Jasho Langu

Simu inalia saa kumi na moja alfajiri. Si ya msiba, maana misiba ya ukoo wetu hupigwa usiku, nikiwa ndiyo kwanza nimejifunika shuka. Ni shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, mwanajeshi wa JWTZ aliyeko Berbérati, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Analinda amani ya watu wengine na kuivunja ya kwangu.

"Shem, umeshafunga kamba za viatu?"

Macho yenyewe sijayafungua.

Kwao muda huo ni saa tisa usiku, kwa sababu saa zao ziko nyuma ya zetu kwa mbili. Ametoka zamu ya lindo, usingizi umempaa, na badala ya kujilaza kimya kama wenzake ananitafuta mimi huku Mikumi. Lindo lao lina zamu. Langu halina wa kunipokea.

Chanzo ni picha. Tulikwenda arusini Kilosa, mama watoto akatuma kwenye kundi la familia la WhatsApp picha niliyosimama ubavu. Shemeji akaikuza kwa vidole, akaniuliza mbele ya ukoo mzima, wakwe wakiwemo: "Shem, una miezi mingapi?" Tangu siku hiyo mimi ni kuruta. Naripoti kila asubuhi kwa picha ya viatu vyenye vumbi, na Jumapili kwa picha ya mizani.

Sasa, mtu akikuamsha kila siku lazima utake kujua yeye mwenyewe anaishije. Nilidhani misheni ni kama sinema za kihindi: helikopta, moshi, mtu anabiringita na bunduki bila kuchafua shati. Kumbe kazi kubwa ni kusubiri. Wanasubiri maji, wanasubiri mafuta ya jenereta, wanasubiri zamu, wanasubiri mwaka uishe. Katikati ya kusubiri kuna gwaride, kuna doria, kuna kufua kombati na kuzitazama zikikauka. Na kuna kukimbia. Anazunguka ndani ya uzio wa kambi, asubuhi hadi jioni akipata nafasi, mpaka mijusi ya ukutani anaijua kwa sura. Vyuma anavyonyanyua ni makopo mawili ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Umoja wa Mataifa mzima huo, halafu vyuma ni vilevile vya vijana wa gereji hapa stendi!

Kilichoniuma zaidi ni chakula. Mgao wa askari wa Umoja wa Mataifa hupigiwa hesabu ya kalori 4,500 kwa siku. Elfu nne na mia tano! Mimi nikigusa chapati ya pili, mama watoto anashika simu. Nikalalamika. Shemeji akajibu kwamba yeye anazichoma, mimi naziweka akiba. Sawa, lakini mwenye akiba si ndiye husifiwa?

Halafu kuna wanaokuja kunikopa. "Wewe shemeji yako yuko Ulaya, utakosaje elfu hamsini?" Nimechoka kueleza. Kwanza, Umoja wa Mataifa hurudishia serikali dola zaidi ya 1,400 kwa kila askari kwa mwezi, na hizo ni za serikali, ambayo ndiyo inamlipa kwa viwango vyake. Anachokipata mkononi moja kwa moja kutoka Umoja wa Mataifa, ukiacha pesa kidogo ya mapumziko, ni posho ya dola 1.28 kwa siku. Hiyo ni sahani ya chipsi mayai, na usiombe mishikaki. Pili, Berbérati si Ulaya. Hajavuka bahari yoyote. Kavuka mawingu tu.

Ila Ulaya ninaijua vizuri kuliko yeye, maana naipita kila mwisho wa mwezi. Ukitoka Mikumi kwenda Kilosa kwa mama mkwe unakutana nayo njiani: kata ya Ulaya, yenye bodaboda, vumbi na mahindi ya kuchoma. Mama mkwe akimwambia jirani kwamba mwanawe yuko Ulaya, jirani anauliza mbona haji kula Jumapili. Wajuzi wa lugha wanasema neno hilo na neno wilaya ni mapacha, yote yametoka kwenye Kiarabu. Wanajeshi wa Kiingereza waliokuwa India nao walilichukua kupitia Kihindi, wakaligeuza Blighty, jina la kwao walikokukumbuka wakiwa vitani. Basi neno moja kwa Mwingereza ni nyumbani, kwetu ni ugenini, na kwa konda wa basi la Kilosa ni kituo cha kushusha magunia.

Shemeji huko amejifunza Kisango kidogo. Siku moja alimpigia mama yake akaanza kwa furaha: "Balao!" Ndiyo salamu yao. Bibi wa watu kule Kilosa akaangusha simu kwenye beseni la mchele, akapiga yowe, majirani wakajaa. Ilichukua saa nzima kueleweka kwamba balaa halijatokea, kijana alikuwa anasalimia tu.

Turudi kwenye mbio. Ugomvi wetu mkubwa ni kwamba kambi yake ina uzio na Mikumi haina. Yeye amevishwa kofia ya chuma na fulana ya kuzuia risasi, mimi nina raba zilizochoka kisigino. Hifadhi ya wanyama ipo hapo tangu 1964, kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Zambia imeikata kwa kilomita zipatazo hamsini. Wanyama hawajasoma ramani kujua hifadhi inaishia wapi na kibanda cha chipsi kinaanzia wapi. Ukigonga mnyama mle hifadhini kuna faini, na kila mnyama ana bei yake. Mimi bei yangu haijapangwa.

Nikimweleza, anasema ni visingizio vya kitambi. Basi alfajiri moja nikatoka, simu mkononi, video imewashwa ili aone mwenyewe. Giza bado. Kandoni mwa barabara nikaona lori limeegeshwa bila taa, nikawalaani madereva wa siku hizi. Nilipolikaribia, lori likapiga sikio.

Sikumbuki kugeuka. Nakumbuka upepo, raba moja kubaki nyuma, na sauti kutoka Afrika ya Kati ikipiga kelele: "Safi sana, Shem! Hiyo ndiyo kasi! Ongeza!"

Ameuandika muda ule kuwa rekodi yangu. Sasa kila siku ananiuliza kwa nini nimeshuka kiwango.

Babu yangu alikuwa Keya, askari wa jeshi la kikoloni la Mwingereza. Mwaka 1944 alikuwa Burma, kwenye mvua na tope la bonde la Kabaw, akitembea kutwa na mzigo mgongoni. Aliporudi hakukimbia tena mpaka anaingia kaburini. Hata mvua ikimkuta shambani alitembea taratibu, akilowa kwa heshima zake. Huyo ndiye mwanajeshi ninayemwelewa.

Mwezi uliopita simu haikulia siku tatu. Siku ya kwanza nililala mpaka saa moja, nikamshukuru Mungu. Ya pili mama watoto alipika wali, ukabaki sufuriani. Hakusema kitu, nami sikusema. Nyumba yenye mwanajeshi haijasahau Semuliki, kule Kongo mashariki, Desemba 7, 2017, walikouawa vijana wetu si chini ya kumi na wanne. Siku ya tatu niliamka mwenyewe saa kumi na moja, nikavaa raba, nikakaa kizingitini. Mama watoto akaja kukaa pembeni yangu na kikombe cha chai isiyo na sukari, sheria za kambi. Hakuna aliyekimbia.

Ya nne ikalia. Mnara wao wa simu ulikuwa umezimika.

"Shem, umeshafunga kamba za viatu?"

Nilikuwa nimeshafunga. Nilimtukana vizuri, kwa sauti, majirani wakasikia, kisha nikaenda kukimbia.

Anarudi baada ya wiki tisa. Ameahidi kwamba kabla hata ya kumwona mama yake Kilosa atashuka Mikumi kukagua gwaride, na gwaride ni mimi. Nadaiwa kilo nane. Mizani ya duka la dawa nimeisihi kwa kila lugha, haina huruma. Kwa hiyo nawaomba wanunuzi wa ufuta mnaozunguka vijijini: ile mizani yenu ya msimu, inayoliona gunia la kilo mia kuwa themanini, niazimeni kwa Jumapili moja tu. Nitairudisha kabla wakulima hawajaanza kuvuna.