Mshauri wa Wenye Ndimi Nzito

Barua zilizowasili mezani pangu mwezi huu zimeshabihiana kiasi cha kunitia shaka kwamba waandishi wake walikutana faraghani wakapatana: kila mmoja ana jambo kifuani, kila mmoja amekwisha kulipanga usiku kitandani kwa maneno ya fasaha ambayo hata kadhi angeyasikiliza akatikisa kichwa kwa ridhaa, na kila mmoja, ilipopambazuka akasimama mbele ya mtu aliyemkusudia, alijikuta anazungumza habari za mvua. Nami, kwa kuwa nalipwa kwa mistari wala si kwa mafanikio ya wanaonitaka shauri, nitawajibu kwa urefu unaostahili mizigo yao, isipokuwa wale waliosahau kutia stempu.

Bwana mmoja wa Tanga, ajiitaye "Mnunuzi wa Vitumbua", anaarifu kwamba kwa miezi mingi amekuwa akimwendea binti auzaye vitumbua karibu na stesheni ya gari moshi, akiwa na nia thabiti ya kumfunulia huba yake, na kwamba kila aendapo hurudi na vitumbua. "Mdomo wafunguka," aandika, "lakini kinachotoka ni: nipe sita tena." Anataka nimfundishe maneno ya kuanzia.

Bwana Mnunuzi, nakupa pole, na binti nampa hongera, maana biashara yake bila shaka imestawi kwa woga wako. Maneno ya kuanzia sitakufundisha, kwa sababu wazee wa pwani waliijua aibu hii zamani na hawakuwatwika vijana mzigo wa kuishinda peke yao. Walimweka mshenga, mtu mzima mwenye haya na ulimi, apelekaye barua ya posa kwa wazee wa mwanamke, barua ianzayo kwa kumhimidi Mola na kumsalia Mtume, ikapita katika kujuliana hali na kusifu ukoo, na kuifikia haja yenyewe pale tu karatasi inapokaribia kwisha. Jibu nalo halitolewi siku ile, kwani kujibu papo hapo kungeonyesha kwamba nyumba ilikuwa ikingoja. Wala usidhani kwamba kuazima ulimi wa mwingine ni udhaifu: Nabii Musa, alipotumwa kwa Firauni, aliomba afuatane na nduguye Haruni aliyemzidi ufasaha, na wewe hutumwi kwa Firauni. Hata upande wa pili sheria imeihurumia haya ya binadamu, kwani mafakihi wa madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, wamekubali kwamba mwanamwali akiulizwa na babake naye akanyamaza, kimya chake ni ridhaa. Fikiri basi: mwanamume asema kwa kinywa cha mtu mwingine, mwanamke ajibu kwa kutofungua chake, na nyumba zisizo na idadi zimesimama juu ya mazungumzo hayo.

Walakini mshenga ana mpaka wake. Ataeleza nasaba yako, kazi yako na mwenendo wako, na akiwa hodari ataupunguza umri wako. Hatamweleza binti kwamba umejifunza kuitambua saa kwa moshi wa jiko lake. Hilo litabaki juu yako baada ya nikahi, nawe usilisahau, kwa sababu barua ya nne, utakayoikuta hapa chini, imetoka kwa bwana aliyedhani kwamba mshenga wake alikwisha kuyasema yote.

Bibi "Mwenye Ndoo", wa Ng'ambo, Unguja, aeleza kwamba tangu waliposhindana na jirani yake juu ya zamu ya bomba, jirani huyo hupita mlangoni pake kila alasiri amejitanda kanga yenye maneno "Hasidi hana sababu", akaenda kwa mwendo wa kumwezesha hata mtoto wa chuoni kuyasoma yote. Muuza duka amemwonyesha kanga nne za kujibia, moja kali kuliko nyingine, naye aniomba nimchagulie.

Bibi, sitachagua, kwa kuwa nimeona vita hivi vikiishia katika ushindi wa yule ambaye mumewe ana mshahara mkubwa. Kwanza uielewe silaha yenyewe. Kanga ina pindo, ina mji, na chini ya mji ina jina, na jina hilo, lililoandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi, limekuwa kinywa cha pili cha mwanamke wa pwani tangu enzi za nyanya zetu, ambao walizijua vyema kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyefungua biashara yake mwaka 1887 na kutia alama ya "Mali ya Abdulla". Uwezo wa kinywa hiki haumo katika ukali wa maneno, bali katika kukosa kwake msemaji. Doti zilizopigwa chapa kwa jina lilelile ni nyingi mno. Aliyejitanda aweza kuapa mbele ya wazee kwamba aliipenda rangi, nawe huwezi kumshtaki pasipo kukiri kwanza kwamba hasidi ni wewe. Ndivyo afanyavyo pia bibi wa kwenye taarabu, ainukaye kwenda kumtunza mwimbaji pale tu ufikapo ubeti anaoutaka, akapita mbele ya hasimu wake polepole, noti juu mkononi: hakutamka neno, na ukumbi mzima umesikia. Najua utanitajia Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alivuka bahari kwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri, na ambaye katika wimbo wa Kijiti hakufumba bali alimtaja muuaji kwa jina alilojulikana nalo mjini. Lakini pale palikuwa na mwanamke aliyeuawa. Hapa pana ndoo.

Shauri langu ni hili. Nenda dukani ukanunue doti ileile, rangi ileile, jina lilelile. Ujitande, umngoje mlangoni, na apitapo uandamane naye bega kwa bega mpaka bombani. Wanawake wawili waliovaa neno moja hawawezi kusutana kwa neno hilo. Mtaa utadhani mmekata sare kwa ajili ya harusi, watu watawauliza ni harusi ya nani, naye atalazimika ama kucheka ama kuusema ugomvi wake kwa mdomo wake mwenyewe, na katika mawili hayo hakuna litakalokugharimu zaidi ya bei ya doti.

Mwanafunzi wa Lamu asiyeweza kutamka herufi ra, aliyechaguliwa kutoa neno la ahsante katika sherehe ya chuo chao, auliza kama ajisingizie homa. La, hasha. Msome Wasil bin Ata wa Basra, aliyefariki mwaka 748, mtu wa ilimu ambaye ulimi wake ulikuwa na kasoro hiyo hiyo katika lugha ambayo ra haikwepeki. Alizoea kuiepuka hata akaweza kuhutubu mbele ya liwali wa Iraki, kati ya mahatibu waliojitayarisha, bila ya kuitamka herufi hiyo hata mara moja, na kwa ajabu yake al-Jahiz, mwana wa mji uleule katika karne iliyofuata, akamweka katika kitabu chake cha ufasaha. Kiswahili kimekurahisishia zaidi. Utapata taabu sokoni kwa karafuu na karanga, na mgeni utamkalisha kitini bila kumkaribisha; lakini nakupenda, asante, pole, samahani na nimekosa, yote hayo yapo wazi mbele yako, wala hakuna moja lenye ra. Nawajua watu wenye ndimi nzima wasiotumia hata nusu yake. Siku ya sherehe sema asante, na shukrani umwachie mwalimu mkuu.

Sasa barua ya nne. Bwana "Mume wa Siku Nyingi", wa Mombasa, aliyestaafu kazi ya bandarini, ameishi na mkewe zaidi ya miaka thelathini, hajapata kumwambia neno la kumshukuru, na tangu alipoanza kushinda nyumbani ameona mambo ambayo zamani hakuyaona. Aniomba nimtungie hotuba fupi, yenye Kiarabu cha kutosha, ama aisome mbele ya mkewe, ama niichape katika safu hii naye aliache gazeti wazi mezani. Kisha, kana kwamba ameona haya kuniomba, aongeza: "Moyo wangu anaujua, mshenga alimweleza."

Bwana wangu, mshenga wako, Mungu amrehemu kama ametangulia, alieleza ahadi. Ushahidi hakuweza kuueleza, kwa sababu miaka hiyo ilikuwa haijapita. Na kazi hii uliyonipa nairudisha kwako, kwani mtu aweza kutuma posa, aweza kutuma salamu, aweza kutuma hata masuto akiwa na fedha za doti. Shukrani ya mume kwa mke ikitumwa kwa mtu wa tatu hufika ikiwa ni habari tu, na habari mkeo anazipata za kutosha redioni. Utanihoji kwamba wakubwa waliandika. Ni kweli. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimwachia bintiye utendi mwaka 1858, lakini alikuwa mgonjwa, akiona ajali yake i karibu na mtoto angali mdogo. Shaaban Robert alimtungia mkewe Amina shairi la maombolezo, na tangu hapo wamelisoma watu wote isipokuwa Amina. Mkeo wewe yuko jikoni.

Uzito unaouona, kwa fikira yangu, watokana na kutafuta neno moja la kuizunguka miaka yote hiyo, na kwa kuwa neno hilo halipo, unataka kuliziba pengo kwa Kiarabu. Nimeisoma barua yako mara nyingine, nikakuta katika ukurasa wa tatu, ulipokuwa ukilalamikia gharama ya makaa, umeandika kwa kupitia tu kwamba enzi za zamu za usiku mkeo hakulala mpaka umerudi, na uji ulikuwa jikoni ukingali na moto, ndiyo sababu nyumba yenu haikupata kuweka akiba ya makaa. Bwana, hotuba umekwisha kuiandika. Umeiweka katika hesabu ya matumizi. Ondoa makaa, bakiza uji.

Namna ya kuitoa ni nyepesi. Usimketishe kitini, wala usivae kanzu, maana atadhani kumefiwa. Mngoje akae kuchagua mchele, ukae karibu naye, nawe uchague, na baada ya kitambo umwambie kwamba unaukumbuka ule uji wa usiku na kwamba hukupata kusema. Usiongeze. Huenda akakuuliza kama una homa, mwambie huna. Huenda akauliza kama umefanya jambo huko nje linalohitaji kusamehewa, na hilo ni swali la haki, lijibu kwa ukweli. Huenda pia asijibu kitu akaendelea na mchele, hapo usiinuke ukaenda barazani kwa madai ya joto. Kaa mpaka ungo uishe.

Waliobaki nawajibu kwa ufupi, maana mhariri amekwisha kuchungulia mlangoni. Kwa "Mkweli", Pemba, aulizaye kama ni wajibu kumwambia rafiki ukweli wote juu ya sauti yake: niarifu kwanza kama ni mwimbaji au mwadhini. Kwa "Mfiwa wa Jirani", Bagamoyo: nimeisoma rambirambi yako ya kurasa nane, peleka mchele, ukae matangani, karatasi ibaki kwako. Kwa "Mkimya", Kilwa: bahasha yako imefika, imefungwa vyema, ina stempu kamili, na ndani hamna kitu. Nimempelekea mhariri, naye asema ndiyo barua bora ya mwezi huu.