Naomba na Deni Langu Litangazwe Himilivu

Muuza ndizi mbivu na karanga,
Kando ya barabara kuu, Nyakahura,
Wilaya ya Biharamulo, Kagera.

Katibu Mkuu,
Wizara ya Fedha,
Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma.

YAH: MAOMBI YA DENI LANGU KUTANGAZWA HIMILIVU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote naipongeza Wizara kwa elimu ya fedha mnayotutembezea mikoani. Somo limeeleweka: mwenye deni abane matumizi, aandike kila shilingi inayotoka, atenganishe mahitaji na matamanio. Mimi ni mwananchi mtiifu, nimebana. Barua hii ni taarifa ya utekelezaji, pamoja na ombi moja dogo ambalo halitaigharimu Serikali hata nusu posho ya kikao.

Nianze na deni lenyewe. Nilikopa 200,000 kwa wale tunaowaita kausha damu. Ofisi yao ni chumba kimoja chenye meza, daftari na mtungi wangu wa gesi. Walikata 20,000 ya fomu na ya kitu walichokiita bima, nikakabidhiwa 180,000. Marejesho ni 10,000 kila siku isipokuwa Jumapili, kwa siku 26. Jumla 260,000. Nilikuwa nimesikia kwamba Benki Kuu imewawekea watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili ukomo wa riba, asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa laki mbili ni 7,000 tu. Nikamweleza afisa mikopo kwa upole. Akanijibu: "Mama, hiyo ni ya daraja la pili. Sisi hatuna daraja." Na kweli, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imepanga madaraja manne, huyu wangu amejifungulia la tano.

Kuhusu mtungi wa gesi nisieleweke vibaya. Naunga mkono lengo la Serikali kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi. Mtungi wangu ni safi kabisa, haujaguswa tangu uwekwe dhamana. Sisi tunapikia kuni.

Sasa utekelezaji. Niliitisha kikao cha bajeti nyumbani, uwanjani, baada ya chakula cha jioni, ambacho kilikuwa pia cha mchana. Mama mkwe nilimteua Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kwa kuwa ndiye anayejua kopo la chumvi limebaki na vijiko vingapi. Fungu la kwanza kufutwa lilikuwa la sukari. Mwanangu wa darasa la sita akasimama kuhoji inakuwaje mkoa wenye kiwanda cha Kagera Sugar, kule Missenyi, wananchi wake wanywe uji wa chumvi. Nikamjibu kwamba swali lake ni zuri na linafanyiwa kazi. Fungu likapita. Na tulifanya jambo la maana: mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha viwanda na bei ya sukari ikapaa, nyumba yetu haikuyumba hata kidogo. Kitu usichonunua hakiwezi kukupandia bei. Naamini wataalamu wenu wanaita hali hiyo utulivu wa mfumuko wa bei.

Mafuta ya kula tumetoka kwenye chupa tukahamia kwenye kupimiwa, kisha tukatoka kwenye kupimiwa tukahamia kwenye maharage ya kuchemsha. Sabuni ya mche inakatwa vipande, na kipande kina ratiba: Jumatano sare za shule, Jumamosi nguo za kanisani, katikati kila mtu na jasho lake. LUKU hatuna shida nayo, kwa maana taa tumeizoea ikiwa imezimwa. Bodaboda kwenda gulioni nimeiacha. Natembea na mkungu kichwani, na afya yangu imeimarika kiasi kwamba nakula zaidi, jambo ambalo kamati ya bajeti imelikemea. Halafu nikaiga mfano wa juu kabisa. Mwaka 2015 Serikali ilifuta sherehe za Uhuru, fedha zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge jijini Dar es Salaam. Mimi nikafuta Krismasi. Fedha zilizookolewa zikapanua biashara ya afisa mikopo, amefungua chumba cha pili.

Tatizo likaja kwenye hesabu. Wanunuzi wangu ni abiria wa mabasi na madereva wa malori yanayokwenda Rusumo na Kabanga, kuvuka kuingia Rwanda na Burundi. Basi likisimama, nauza. Likipitiliza, nalipungia mkono. Siku njema napata faida ya 7,000, na rejesho ni 10,000. Nimeipiga hesabu hiyo kwa kijiti mchangani, nikaipiga kwa simu, nikampa mwanangu aipige kwa njia wanayofundishwa shuleni. Jibu ni lile lile: tukiacha kula kabisa, wote, pamoja na mama mkwe, pamoja na kuku, bado kila siku tunapungukiwa 3,000. Naomba wataalamu wenu wanielekeze hapo kwenye sifuri ninabana wapi. Sifuri yangu nimeikunja na kuikunjua, haina mfuko wa ndani.

Kwa hiyo nimejifunza kulipa deni kwa deni. Ile 3,000 niliitafuta kwanza dukani kwa jirani, ambaye ameandika ukutani kwamba leo ni taslimu na mkopo ni kesho, nami huenda kwake kesho. Nikaenda kwenye kikoba chetu. Kisha nikakopa kwa simu, kwenye programu isiyouliza dhamana wala mume. Ilichouliza ni ruhusa ya kusoma majina yote ya watu ninaowapigia, nikabonyeza kukubali kama mtu anayesaini katiba ya kikundi. Nilipochelewa kidogo ikawaandikia ujumbe katekista, mwalimu wa darasa la mwanangu, mkunga wa zahanati na shangazi yangu wa Benaco kwamba mimi ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni, na tukashukuru. Shangazi lakini hakuisoma orodha. Yeye alisoma ujumbe.

Ikabaki kahawa. Mume wangu ni Mhangaza wa Rulenge, wilayani Ngara, na huko ana mibuni aliyoachiwa na baba yake. Alikwenda kuiangalia ikiwa imechanua. Aliporudi alikuwa na noti mfukoni na uso wa mtu aliyetoka msibani, nikajua amefanya butura. Kwa faida ya watumishi wa Dodoma ambao hawajapata kuishi mkoani Kagera: butura ni kuuza kahawa ikingali ua au tunda bichi, kwa bei anayoitaka mwenye fedha, naye akaja kuvuna akishaona imeiva. Serikali imeipiga marufuku tena na tena, na kila mwenye shida anajua imepigwa marufuku, ndiyo maana siku hizi hufanyika usiku. Msimu ulipofika, kahawa ikapata bei nzuri mnadani. Tuliisikia bei hiyo redioni kwa jirani, tukamfurahia aliyeivuna.

Kusema haki, Serikali inao mkopo usio na riba. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri ni ya vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Kikundi chetu kilikuwa kimeshaandika katiba na kuchonga muhuri. Aprili 2023 mikopo hiyo ikasimamishwa, kwa sababu nzuri tu: ukaguzi ulibaini vikundi hewa vimekopa na havirejeshi. Ikaruhusiwa tena Julai 2024. Kwa miezi 15 mlango usio na riba ulifungwa ili kuwazuia watu wasiokuwepo, nasi tuliokuwepo, wenye miguu na njaa, tukaingia mlango wa pili, ambao haufungwi hata sikukuu. Mlango ule ulipofunguliwa nilikuwa tayari mteja wa siku nyingi wa huku. Wao hawana mambo ya katiba. Hewa hawaikopeshi, wanakuja kwanza kuhesabu makochi.

Hapo ndipo penye ombi langu. Nimefuatilia hotuba zenu. Hadi Machi 2025 deni la Serikali lilikuwa limefika shilingi trilioni 107.7, na Bunge likahakikishiwa kwamba ni himilivu, kwa kuwa ukipima thamani yake ya sasa kwa Pato la Taifa liko chini ya ukomo wa asilimia 55. Sikuwahi kusikia likiambiwa liache sukari. Nikaona nami nijipime kwa kipimo hicho hicho. Faida ya 7,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi 12: Pato langu la Taifa ni 2,184,000, tukiamini kwamba mabasi yote yanasimama. Kausha damu 260,000, kikoba 150,000, simu 90,000, duka 60,000. Deni lote ni 560,000, yaani asilimia 26 hivi. Niko chini ya nusu ya ukomo, Ndugu Katibu Mkuu! Kwa viwango vya kimataifa mimi ni himilivu kiasi cha kuruhusiwa kujenga reli.

Lakini afisa mikopo hakusoma uchumi. Wiki iliyopita walibeba godoro. Nilimsomea vigezo vya uhimilivu akiwa analikunja, akaniambia nishike upande wa pili.

Mama mkwe alikuwa ameonya mapema. Alisema kwa mikopo hii ipo siku tutapigwa mnada. Nikamkumbusha kwamba Desemba 2021 Spika Job Ndugai, Mungu amrehemu, alisema maneno yanayofanana na hayo kuhusu nchi, na Januari haijafika katikati alikuwa ameshajiuzulu. Mama mkwe amekataa kujiuzulu. Anasema yeye ndiye mwenye kopo la chumvi.

Hivyo naomba Wizara inipatie cheti, chenye nembo na muhuri, kinachothibitisha kwamba deni langu ni himilivu, nikitundike mlangoni pale panapoonekana na mtu anayekuja kubeba vitu. Ikiwa cheti kina ada, naomba ikatwe kwenye nikeli ya Kabanga. Nimesoma kwamba katika mkataba wa Januari 2021 Serikali ina hisa asilimia 16 za mradi ule, na kwa kuwa shemeji zangu ndio wanaolima juu ya udongo wa huko Ngara, nadhani gramu chache zinatosha. Na iwapo itaonekana cheti hakiwezekani, basi niletewe yule mtaalamu wa kubana matumizi. Aje na shangingi lake, aliegeshe kwenye kibanda changu mabasi yalione yasimame. Alale kwetu siku moja tu, siku ya kazi. Chakula atakikuta kama bajeti ilivyopitishwa, na godoro aje nalo.

Nawasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkopaji mwaminifu.

Nakala:
Mwenyekiti wa kijiji – kwa taarifa, kwani naye yumo kwenye daftari.
Shangazi, Benaco – mimi si tapeli.
Afisa mikopo – aione kwenye jalada, na leo apite jioni, basi la Kahama halijafika.